Injini ya Ndege ya Mafunzo kwa Hewa ya Kampala

Sanduku la ndege ya mafunzo ya kuongozwa kwa rimoti halimuulizi mnunuzi anaishi kwenye mwinuko gani. Kwa ndege ya daraja la 40, yenye mabawa ya mita 1.6 hivi na uzito wa kilo 2.5, maelekezo husema tu: funga injini ya 40 au 46. Namba hizo ni sehemu za mia za inchi moja ya ujazo. Kwa lugha ya mafundi wa bodaboda, 40 ni sisi 6.5 na 46 ni sisi 7.5. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kuchukua yoyote kati ya hizo mbili na ndege ikaruka vizuri. Mtu wa Kampala hana nafasi hiyo, na sababu yake ni hewa.

Kampala iko mita 1,190 hivi juu ya usawa wa bahari. Hata ukishuka mpaka Ggaba au Port Bell hupati nafuu, kwani Ziwa Victoria lenyewe liko juu ya mita 1,130. Mchana wenye joto la nyuzi 28, mita moja ya ujazo ya hewa ya Kampala ina uzito wa kilo 1.02 hivi. Mombasa, kwenye nyuzi 30, ni kilo 1.16. Pengo ni asilimia 12. Wanafunzi wa urubani katika chuo cha Soroti, kilichofunguliwa mwaka 1971, hufundishwa kuihesabu hali hii kabla ya kuruka, maana joto huongeza mwinuko: mchana kama huo, ndege inayoondoka Kampala huruka kana kwamba iko mita 1,900.

Injini huvuta hewa kwa ujazo, haijali uzito wake. Kila pistoni inaposhuka, silinda hujaa ileile, lakini hewa iliyoingia ni pungufu, mafuta yanayoweza kuungua ni pungufu, na nguvu inapungua kwa kadiri hiyohiyo. Hapa ndipo wanaoanza hudanganyika. Propela nayo inakata hewa nyepesi, kwa hiyo mzigo wake umepungua sambamba na nguvu ya injini. Matokeo yake, mizunguko kwa dakika haibadiliki sana. Sauti ni nzuri, kipimo cha mizunguko kinaridhisha, na aliyeshika rimoti anaamini kila kitu kiko sawa. Kumbe mvuto wa propela umeshuka kwa asilimia 12, na sikio haliwezi kulitambua hilo.

Mabawa nayo yanadai haki yao. Katika hewa nyepesi, ndege lazima ikimbie zaidi kwa asilimia 6 au 7 ndipo inyanyuke, na inaitafuta kasi hiyo ikiwa na mvuto uliopungua. Ukijumlisha yote mawili, umbali wa kukimbia ardhini unaongezeka kwa karibu asilimia 30, na nyasi ndefu zinaongeza tena. Hatari zaidi ni kutua: anayeanza huja polepole kwa mazoea ya video alizotazama, bawa linaishiwa hewa, na ndege inaanguka.

Sasa tazama hesabu. Sisi 7.5 ukiondoa asilimia 12 zinabaki 6.6. Yaani injini ya 46 ikiwa Kampala inavuta hewa ya uzito uleule ambao injini ya 40 inavuta pwani. Kwa hiyo 46 hapa ndiyo injini ya kawaida, si anasa, na 40 ni ndogo mno. Tena katika aina nyingi, injini hizi mbili zina bodi ya ukubwa mmoja, hivyo uzito hauongezeki wa kutajika.

Je, tuende mpaka 60? Hapana. Hiyo ni nzito zaidi na inakaa puani, kwa hiyo utalazimika kuweka risasi mkiani ili kusawazisha. Ndege iliyolemewa inahitaji kasi kubwa zaidi, nawe utakuwa umelirudisha tatizo uliloliondoa.

Kabureta nayo inataka marekebisho. Sindano iliyowekwa kwa ajili ya pwani itamwaga mafuta mengi mno hapa, na injini itatoa moshi na kukohoa. Ikaze kidogo kidogo. Kisha mwenzako aishike ndege imara huku pua ikielekea juu, ufungue gesi yote: mizunguko ipande kidogo. Ikizubaa, umekaza kupita kiasi, na pistoni itaungua.

Wengi sasa huchagua mota ya umeme, na nawaunga mkono, kwa sababu methanoli na nitromethane ni mizigo ya hatari inayosumbua kusafirisha kwa ndege. Kadiria wati 200 kwa kilo, yaani 500 kwa ndege yetu. Mota haipungukiwi na hewa, ila propela yake inavuta kidogo kuliko pwani. Ongeza urefu wa propela kwa inchi moja, kisha hakikisha kwa kipimo cha wati kwamba hujavuka kikomo cha mota.

Ukirushia upande wa barabara ya Entebbe, kumbuka kwamba Kajjansi kuna uwanja wa ndege ndogo zenye watu ndani. Pata kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda. Na kabla hujalipia injini yoyote, ipime ndege yako kwenye mizani ikiwa imekamilika. Ikizidi kilo 3, punguza uzito kwanza.