Kabureta ya Gari Kuukuu: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?

Katika Tanzania bado yanaonekana magari ya Land Rover ya petroli ya aina ya Series III, ambayo yaliundwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Chama cha msingi chenye gari la namna hiyo, kwa kubebea mbolea, pareto au viazi, hufikiwa mara kwa mara na ombi moja: dereva huarifu kwamba gari linakunywa mafuta kupita kiasi na kutoa moshi mweusi, fundi hutamka kuwa kabureta imekufa, na halmashauri hutakiwa kuidhinisha fedha za kununua nyingine. Kabla ya kuidhinisha, yafaa wajumbe wafahamu kazi ya chombo hicho, hasa katika mahali palipoinuka kama Tandala, wilayani Makete.

Kabureta hupima petroli na kuichanganya na hewa kabla ya kuingia katika injini. Uwiano ufaao, kwa uzito, ni kiasi cha sehemu 15 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Injini inapovuta, hewa hupita kwa kasi katika koo jembamba la kabureta, nayo petroli hufyonzwa kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Tundu hilo halijui liko wapi. Katika mwinuko wa mita 2,000 hewa ni nyepesi kuliko ile ya pwani kwa karibu sehemu moja ya tano, lakini petroli ipitayo katika jeti haipungui kwa kiasi hicho hicho. Matokeo yake ni kwamba kabureta iliyopimwa kwa ajili ya Dar es Salaam, ikifika Tandala, hutoa mchanganyiko uliozidi petroli kwa takriban sehemu moja ya kumi, hata kama ni mpya kabisa.

Ubovu ukiongezeka juu ya hapo, hasara huonekana upesi. Gari lililokuwa likienda kilometa 6 kwa lita moja likishuka hadi kilometa 4, safari ya kilometa 120 iliyohitaji lita 20 itameza lita 30. Hasara isiyoonekana ni kubwa zaidi: petroli isiyoungua huosha oili katika kuta za silinda na kuteremka chini kuichuja oili ya injini. Kijiti cha kupimia oili kikinuka petroli, gari lisiendeshwe tena mpaka limetazamwa. Kabureta inatengenezeka kwa gharama ndogo. Injini iliyolika haitengenezeki hivyo.

Hata hivyo kabureta husingiziwa sana. Plagi chafu, platini zisizopimwa na mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa hutoa dalili zinazofanana. (Uchanganyaji huo ndio uliosababisha EWURA kuanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010.) Aidha, chujio la hewa la magari haya hutumia oili, likijaa tope la vumbi, au oili ikimiminwa kupita alama, hewa huzuiwa na moshi mweusi hutoka. Kulisafisha hakuhitaji kipuri chochote.

Ikithibitika kuwa kasoro imo katika kabureta, kwa kawaida itakuwa Zenith, na udhaifu wa Zenith unajulikana. Kifuniko chake cha juu hupinda kwa joto na kwa kukazwa ovyo. Ringi ndogo ya mpira iliyo kati ya kifuniko na kipande kibebacho jeti hukauka na kupasuka, na petroli huvuja moja kwa moja kooni bila kupimwa. Mafundi wengi hubadili jeti, hubadili plagi, hukoroga skrubu zote, na moshi haukomi, kwa sababu ringi hiyo haikuguswa. Dawa yake ni kuweka msasa laini, uliolowanishwa, juu ya kipande cha kioo kilichonyooka na kuusugua uso wa kifuniko taratibu, kwa mzunguko, mpaka ung'ae mahali pote sawasawa. Kisha kufunga ringi mpya na gasketi mpya, na kukaza skrubu kidogo kidogo kwa kupokezana. Kazi hii ifanyike nje, mbali na moto na sigara.

Jeti zisafishwe kwa upepo wa pampu. Kuchokonoa kwa waya kusiruhusiwe kamwe, kwani namba iliyogongwa juu ya jeti ni kipimo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, na mkwaruzo mmoja huifanya namba hiyo kuwa ya uongo. Boya litikiswe sikioni: likisikika maji ndani, limetoboka. Sindano yenye alama ya duara kwenye ncha yake ibadilishwe.

Unabaki mhimili wa kilango cha chini. Injini ikiwa inanguruma taratibu, tone la oili liwekwe pale mhimili unapoingia katika mwili wa kabureta. Mngurumo ukibadilika, hewa inapita hapo. Fundi wa kerezo, kama wale wanaopatikana katika miji mikubwa, aweza kuweka bushi. Ikiwa mwili wenyewe umepasuka au nyuzi za skrubu zimekwisha, hapo ndipo ununuzi unapokuwa na haki. Zile za bei nafuu ziigizwazo zikaguliwe kabla ya kulipiwa: zisizo na namba kwenye jeti zirudishwe dukani.

Kabureta ikishakuwa nzima, fundi aweza kufunga jeti kuu ndogo kidogo kwa ajili ya mwinuko, na kusoma plagi baada ya safari: rangi ya kahawia hafifu ni nzuri, masizi meusi yaonyesha petroli imezidi, weupe waonyesha imepungua. Namba ya jeti mpya na ya zamani ziandikwe katika daftari la gari. Jeti ya zamani ihifadhiwe ndani ya gari katika kikopo, kwa maana gari likiteremka kona 57 za Matamba hadi Chimala, kwenye tambarare ya Usangu, hewa huwa nzito tena, na injini yenye jeti ndogo itapata joto la kuunguza vali ikiendeshwa huko siku nyingi na mzigo.