Shehena ya Udongo: Sura ya Saba ya Dracula

Sura ya saba ndiyo inayoivusha bahari riwaya ya Dracula. Bila hiyo, kitabu chote kingebaki kisa cha ngome moja milimani. Bram Stoker, mwandishi wa Ireland aliyeitoa kazi hiyo London mwaka 1897, anazitumia sura nne za kwanza kumweka msomaji Transylvania, nyumbani kwa Dracula, mnyonya damu. Hofu ya huko ni ya mbali. Anayetaka kuiepuka asiende. Sura ya saba inaitia hofu hiyo masandukuni, inaipakia chomboni na kuishusha Whitby, mji wa pwani ya Uingereza.

Demeter, merikebu ya matanga ya Kirusi, inaondoka Varna tarehe 6 Julai na watu tisa: nahodha, wasaidizi wake wawili, mpishi na mabaharia watano. Shehena ni mchanga na masanduku ya udongo. Nahodha anaandika kumbukumbu zake kwa ufupi wa mtu wa kazi: upepo, zamu, tarehe. Tarehe 16 baharia mmoja haonekani. Tarehe 24 wa pili anamaliza zamu na kutoweka. Agosti inapoingia na ukungu wake, wanazidi kupungua, mpaka anabaki nahodha na msaidizi mmoja. Msaidizi huyo anashuka ngamani na taa kuyafungua masanduku, anapanda mbio akipiga mayowe, kisha anajirusha baharini. Nahodha anajifunga mikono kwenye usukani, msalaba ukiwa kati ya mkono na mti, na hapo ndipo anapokutwa maiti.

Jina la Dracula halimo kabisa katika kumbukumbu hizo, kwa kuwa nahodha halijui. Msomaji analijua, na nguvu ya sura imo katika pengo hilo.

La kutisha zaidi, hata hivyo, limo katika mistari michache ambayo wengi huipita haraka. Kwenye mlango wa Bosporus maofisa wa forodha wa Kituruki wanapanda, wanapewa bakhshishi, kila kitu ni sawa, safari inaendelea. Kesho yake, Dardanelles, ni yale yale. Whitby nako, huku maiti ya nahodha bado haijazikwa, wakili wa mjini anakuja kuyapokea masanduku aliyotumiwa, na konseli wa Urusi analipa ada za bandari. Shari yote imepita mlango wa mbele, imelipiwa na kuandikiwa.

Msomaji wa Dubai ana sababu ya kuielewa sura hii kuliko wengi. Mji huu umekuzwa na Khor, mkono wa bahari unaozitenga Deira na Bur Dubai, ambako majahazi yalileta boriti za mikoko kutoka Afrika Mashariki. Nyumba kongwe za mtaa wa Al Fahidi ziliezekwa kwa boriti hizo. Anayefunga mizigo Deira kuipeleka Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam anajua kwamba bandarini karatasi husomwa kabla ya sanduku kufunguliwa, na mara nyingi sanduku halifunguliwi kabisa.

Stoker naye alizijua karatasi, maana aliwahi kuwa karani wa serikali Dublin. Tukio lenyewe hakulitoa hewani. Oktoba 1885 merikebu ya Kirusi iitwayo Dmitry, iliyotoka Narva na shehena ya mchanga, ilikwama ufukweni Whitby, na Stoker alizipata habari zake alipokuwa mapumzikoni huko mwaka 1890.

Makaratasi hayo hayo ya shehena ndiyo yanayomponza Dracula. Katika sura ya 17 Jonathan Harker, yule aliyekuwa mgeni wa Dracula Transylvania mwanzoni mwa kitabu, anakwenda kulisoma jalada la wakili wa Whitby na kukuta masanduku 50 ya udongo, yameandikwa kuwa ni ya majaribio. Kuanzia hapo yeye na wenzake wanayasaka London hadi linabaki moja. Dracula anakimbia nalo kwa meli iendayo Varna, na jina la meli hiyo wanalipata katika kumbukumbu za safari za meli za Lloyd's, London.