Zawadi ya Krismasi Kitandani mwa Mgonjwa

Desemba ni mwezi wa kazi nyingi na furaha nyingi katika nchi ya Nyeri. Kahawa iliyoiva hungoja kuchumwa, na magari yatokayo Nairobi hujaa watu warudio kwao, vifurushi vyao magotini. Lakini katika wodi za Mathari, za Tumutumu, na za hospitali ya rufani mjini Nyeri, wamo watu wasioweza kwenda kokote.

Ndiyo sababu imekuwa desturi ya watu wa makanisa, wanafunzi na vyama vya akina mama, toka Nyeri hata Karatina, Kerugoya na Chogoria, kufika wodini siku zile na vikapu vyao. Vilivyomo si vitu vya thamani kubwa: kipande cha sabuni, sukari kidogo, maziwa, ndizi, mafuta ya kujipaka. Mtu mwenye afya aweza kuvicheka. Lakini aliyepata kulazwa majuma matatu mbali na kwao ajua sabuni ni kitu gani, pale ile aliyokuja nayo imekwisha na hana wa kumtuma dukani.

Zawadi ndogo yataka akili. Mwaka 1914, vita kuu ya kwanza ilipoanza, Binti Mfalme Mary wa Uingereza, kijana wa miaka 17, alianzisha mchango ili askari na mabaharia wapate zawadi ya Krismasi. Wengi walipewa kijisanduku cha shaba chenye tumbaku na sigareti. Asiyevuta akapata peremende na penseli, askari wa Kisikhi wakapata vitu vitamu na viungo vya chakula, na wauguzi chokoleti. Yaani kabla ya kutoa, iliulizwa kwanza mpokeaji ni nani.

Tena watu wa Nyeri hawana haja ya kutafuta mfano Ulaya. Mwaka 1915 aliwasili nchini mtawa wa Shirika la Consolata, Sista Irene Stefani, aliyezaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891. Toka 1916 hata mwanzo wa 1919 aliwauguza wapagazi wa Kariakoo katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Miongoni mwa wapagazi hao walikuwamo watu wengi wa nchi za baridi zilizo karibu na Mlima Kenya, waliochukuliwa, aghalabu pasipo hiari yao, kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani. Risasi haikuwaua wengi kama yalivyowaua maradhi: malaria wasiyoizoea, homa ya mapafu, na kuhara damu kulikozidishwa na unga wa mahindi usiopikwa ukaiva. Waliokufa huhesabiwa kwa makumi ya elfu.

Mtawa huyo hakuwa na vijisanduku vya shaba. Alifunga vidonda, akawanywesha maji, akakaa na waliokuwa wakifa ugenini. Vita vilipokwisha alipelekwa Gikondi, Nyeri, na huko akawaandikia barua wazazi ambao watoto wao walikwenda kutafuta kazi mijini. Wenyeji wakamwita Nyaatha, yaani mwenye huruma. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 kwa ugonjwa alioambukizwa na mtu aliyekuwa akimuuguza. Tarehe 23 Mei 2015, mjini Nyeri, alitangazwa kuwa Mwenye Heri.

Basi wenye kwenda wodini wafanyeje? Kwanza wamwone muuguzi msimamizi kabla ya kufungua kikapu. Kuna mgonjwa wa kisukari ambaye soda ni hatari kwake, na kuna anayengoja kupasuliwa ambaye hapaswi kula wala kunywa kitu chochote, hata akisihi. Mama aliyejifungua huhitaji zaidi nguo ya mtoto kuliko mkate. Mwenye mafua naye na abaki nyumbani, ampe mwenziwe kikapu. Hiyo si kukosa upendo.

Kisha waulize vitanda visivyotembelewa ni vipi. Mara nyingi vikapu hukusanyika kwa mgonjwa ambaye ndugu zake wamekwisha kumletea chakula asichoweza kukimaliza, huku kibarua aliyetoka Isiolo au Turkana akitazama ukutani. Hilo ni kosa la haraka, wala si la ubaya, lakini lauma. Kuimba pia kuna kiasi chake: wimbo mmoja kwa sauti ya chini watosha katika wodi ya waliopasuliwa.

Na kwa mgonjwa aliye mbali na kwao, kazi ile ya Gikondi haijaisha. Siku hizi haihitaji karatasi wala stempu. Mgeni aweza kumwazima simu yake ya mkononi, akasogea kando kidogo ili mgonjwa aseme na mama yake kwa lugha ya kwao. Dakika tano hizo hugharimu chini ya bei ya kipande cha sabuni.