Mwanafunzi Asiyetoka Nyumbani

Wazee wetu wa Pwani walipotaja chuo, zamani, walikusudia kitabu, na vitabu waliviita vyuo. Ndiyo maana aliyebobea katika elimu huitwa mwanachuoni. Baadaye neno likahamia mahali: chuo cha Kurani, chuo cha ualimu, chuo kikuu. Leo chuo kimerejea mkononi mwa msomaji, safari hii ndani ya simu na kompyuta, na nyumba nyingi za Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu zina mwanafunzi ambaye haonekani akitoka asubuhi na mkoba wala akirudi jioni na vumbi la barabara. Tunaandika makala haya kwa ajili ya mwanafunzi huyo anayeanza, na zaidi kwa ajili ya wale wanaoishi naye.

Kusoma kwa mbali si jambo la jana. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kusomesha watu kwa njia ya posta mwaka 1946. Uingereza ilianzisha chuo kikuu huria chake mwaka 1969, na wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo mwaka 1971. Majirani zetu wa Tanzania walitunga sheria ya kuunda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992. Sisi Kenya tulikuwa na masomo ya masafa katika vyuo vikuu kadhaa kwa miaka mingi, lakini chuo kikuu huria chetu wenyewe, chenye makao yake Konza, kilipata hati yake tarehe 3 Agosti 2023. Kabla ya hapo, mwezi Machi 2020, maradhi ya korona yalikuwa yamefunga milango ya vyuo vyote na kuwalazimisha hata wahadhiri wasioipenda kompyuta kufundisha mbele ya kioo. Tukumbuke pia kwamba nyaya za chini ya bahari zilizotuletea intaneti ya kasi mwaka 2009, SEACOM na TEAMS, zilitua hapa hapa Mombasa. Intaneti ilipita mlangoni kwetu kabla ya kufika Nairobi.

Tukiwatazama wanaoanza masomo haya kisha wakaachia njiani, ni nadra kuona ujinga au uvivu. Tunaloliona ni nyumba ambayo haijatambua kwamba ndani yake mna mwanafunzi. Kijana anayepanda matatu kwenda chuoni Tudor husaidiwa na safari yake mwenyewe: akishavuka kizingiti, hakuna wa kumtuma dukani. Anayesomea nyumbani hana kizingiti cha kuvuka. Mama akimkuta binti ameinamia simu saa nne asubuhi, anachokiona ni binti aliyeinamia simu. Hana njia ya kujua kama ni mhadhara wa uhasibu au ni soga na mashoga zake. Humwita akune nazi, humwita awapokee wageni, humtuma ampeleke bibi hospitali, kwa kuwa "yeye yuko tu nyumbani". Binti naye huitika, maana ndivyo alivyolelewa. Mhadhara wa kwanza ukimpita husema atausikiliza usiku. Kufikia wiki ya tano ana mihadhara kumi ya usiku na kazi mbili ambazo muda wake wa kuwasilishwa umepita, na hapo ndipo huanza kuona aibu hata kuufungua ukurasa wa chuo.

Kwa hivyo, kabla ya nenosiri na kabla ya kununua kompyuta, kinachotakiwa ni kikao cha nyumbani. Mwanafunzi akae na wazazi wake, au mume na mke wakae wawili, na jambo lizungumzwe kwa hesabu. Tuchukue mfano wa mwenye masomo manne katika muhula. Akilipa kila somo saa nne kwa wiki, za kusikiliza, kusoma na kuandika, jumla ni saa kumi na sita. Saa hizo zitatoka wapi? Haziwezi kutoka hewani. Lazima zitolewe katika usingizi, katika kazi za nyumbani, katika biashara au katika matembezi, na kila mmoja ajue zimetolewa wapi. Halafu ziandikwe katika karatasi na karatasi ibandikwe mahali panapoonwa na wote, mlango wa jikoni ukiwa ndio bora.

Njia nyepesi ya kuzipanga ni kuzifunga kwenye sala. Kwa kuwa tuko karibu na mstari wa ikweta, nyakati za sala hapa kwetu hazihami sana mwaka mzima, na ratiba iliyofungwa kwenye sala hukaa imara. Saa moja na nusu baada ya alfajiri, kabla watoto hawajaamka na kabla ya simu kuanza kulia, huzidi thamani saa tatu za mchana. Baada ya isha pana utulivu mwingine kwa wanaoweza kukesha. Baina ya magharibi na isha tusijidanganye: katika nyumba nyingi huo ndio wakati wa watoto, madrasa na chakula.

Kwa wanawake walioolewa tuna neno la ziada. Wapo wengi walioacha shule kwa ajili ya ndoa au malezi, na kwao masomo ya mtandaoni huenda yakawa ndio mlango pekee uliobaki wazi. Mume husema kwa roho safi, "Nimekuruhusu, soma." Kisha kazi zote hubaki zilivyokuwa: kupika, kufua, watoto, wakwe, arusi na hitima. Tunasema bila kuzunguka kwamba hiyo si ruhusa kamili. Ruhusa ni kusema nani atawashika watoto Jumanne na Alhamisi jioni, na ni chakula gani kitapikwa siku mbili kwa mara moja. Mwanamke aliyepewa saa mbili za uhakika hufika mbali kuliko aliyepewa siku nzima ya "ukipata nafasi".

Mwanafunzi naye ana haki ya kuitimiza. Saa za ratiba zikimkuta akitazama mpira, ajue kwamba karatasi ya mlangoni imepoteza heshima yake, na si rahisi kuirudisha. Akitaka kuaminiwa na wazee, awaoneshe anachokisoma. Bibi asiyejua kompyuta hufurahi kusikizishwa dakika tano za mhadhara, na tangu siku hiyo huwa mlinzi mkali wa mlango kuliko askari.

Yako mambo ya kuhakikisha kabla ya kutoa karo. Chuo kikuu chochote kinachotoa shahada hapa nchini sharti kiwe kimetambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, na orodha ya vilivyotambuliwa huwekwa wazi katika tovuti yake. Vyuo vya ufundi na vya diploma husimamiwa na TVETA. Chuo cha ng'ambo kisilipwe hata senti mpaka mtu aulize kama cheti chake kitatambuliwa hapa. Karo hulipwa katika akaunti rasmi ya chuo. Ajenti anayetaka itumwe kwenye simu yake binafsi aachwe alipo. Mkopo wa HELB wa shahada ya kwanza hutozwa asilimia 4 kwa mwaka, na familia zinazojiepusha na riba ni heri zipange karo mapema, muhula kwa muhula, kuliko kuzinduka wiki ya mitihani.

Wiki ya kwanza ya muhula haina masomo mazito, na kwa sababu hiyo wengi huipuuza. Ndiyo wiki ya kuingia katika jukwaa la masomo, ambalo katika vyuo vikuu vingi ni Moodle, na kubonyeza kila kitu ili kujua kilipo. Barua pepe iliyotolewa na chuo ifunguliwe na isomwe kila siku, kwa maana matangazo ya mitihani hupitia huko. Mwongozo wa kila somo upakuliwe na usomwe wote, kisha tarehe zote za kuwasilisha kazi zihamishiwe katika kalenda moja. Kalenda hiyo iwekwe kando ya kalenda ya Kiislamu. Mihula haifuati mwezi mwandamo, na Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka; mtihani unaweza kuangukia siku ya Idi, au kazi kubwa ikadaiwa katika kumi la mwisho. Mhadhiri anayeombwa wiki sita kabla husikiliza. Anayeombwa usiku wa kuamkia mtihani huona visingizio.

Kuna jambo moja linalowatatiza vijana wetu kuliko mitambo yote, nalo ni haya. Mtoto wa Pwani hufunzwa kunyamaza mbele ya mkubwa wake. Katika darsa msikitini, mwanafunzi hukaa chini, huinamisha kichwa, na shekhe akimtazama usoni hujua kama amefahamu au la. Adabu hiyo ni njema na hatutaki ipotee. Lakini jukwaa la masomo halina macho. Asiyeandika neno huhesabiwa hakuhudhuria, na katika masomo mengi michango ya mjadala hupewa alama. Tumewaona mabinti werevu waliosoma kila ukurasa na kufahamu kila hoja, kisha wakapoteza alama kwa kutoandika sentensi tatu mbele ya wenzao. Yafaa wajue kwamba kuandika pale si kujitanguliza mbele ya wakubwa. Ndiko kuitikia jina linapoitwa. Mchango wa kwanza uwe mfupi: swali moja la kweli, au kumjibu mwenzako kwa mfano kutoka kwetu. Anayesomea biashara akieleza jinsi muuza samaki wa soko la Kongowea anavyopanga bei ya asubuhi na ya jioni, amelipa darasa kitu ambacho hakimo kitabuni.

Uandishi wa barua kwa mhadhiri nao una adabu yake mpya. Sisi ni watu wa maamkizi marefu, na salamu haikatazwi, lakini mhadhiri huyo ana wanafunzi mamia. Salamu moja, jina kamili, nambari ya usajili, jina la somo, kisha swali: "Katika kazi ya pili sijafahamu kama tunatakiwa kutumia hesabu za mwaka mmoja au miaka miwili." Barua ya namna hiyo hujibiwa upesi. Ile isemayo "Habari, samahani nina shida" hungojea, kwa kuwa haina la kujibiwa.

Juu ya vifaa hatutasema mengi. Simu yatosha kusikiliza na kusoma, ila kuandika insha ya kurasa kumi kwa vidole gumba ni adhabu. Kompyuta iliyotumika, ikiwa inaandika na kufungua intaneti, yafaa kabisa. Mhadhara wa video wa saa moja hula mamia ya megabaiti, ilhali maandishi yake hula kidogo sana, basi mwenye bando dogo apakue maandishi kwanza na asikilize sauti bila picha. Asiye na utulivu nyumbani asisahau Maktaba ya Taifa tawi la Mombasa. Na kazi isingojewe mpaka dakika ya mwisho, maana umeme wetu sote twaujua.

Makundi ya WhatsApp ya darasa ni mazuri kwa habari na hatari kwa majibu. Kazi iliyonakiliwa, iwe kwa mwenzako au kwa programu inayojitungia maandishi, ni udanganyifu kwa sheria ya chuo na kwa dini yetu, na vyuo vina programu za kulinganisha maandishi. Faida kubwa ya kundi ni kumpata mtu mmoja, wa jinsia yako na ikiwezekana wa mji wako, wa kuulizana naye kila Jumapili: umefika wapi?

Mitihani mingine hufanywa mbele ya kamera, na msimamizi hutaka kuuona uso na kitambulisho. Dada anayevaa nikabu aulize mwanzoni mwa muhula utambulisho hufanywa vipi, na aombe kwa maandishi atambuliwe na msimamizi wa kike. Jibu alihifadhi. Nyumbani, siku ya mtihani, mlango ufungwe na watoto wapelekwe kwa jirani, kwa sababu sauti ya mtu wa pili chumbani yaweza kuhesabiwa kuwa ni msaada.

Na yakitokea yasiyozuilika, maradhi, uzazi, msiba au karo kukwama, mwanafunzi asitoweke kimya. Kutoweka huandikwa kuwa ni kufeli, na alama hizo humngojea siku atakaporudi. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo: barua moja au fomu, pamoja na ushahidi kama cheti cha daktari, ipelekwe kwa ofisi ya usajili kabla ya tarehe iliyowekwa. Tarehe hiyo mara nyingi huwa mapema katika muhula kuliko watu wanavyodhani. Iandikwe katika ile karatasi ya mlango wa jikoni, kwa wino mwekundu.