Pikipiki ya Chama Isipotoa Cheche: CDI Ihukumiwe Mwisho

Msimu wa kahawa unapowadia katika Wilaya za Mbozi na Ileje, pikipiki ya chama cha msingi huwa kama ofisi ya pili. Hubeba karani, vitabu na stakabadhi kutoka vijijini hadi Vwawa au Mlowo. Ikigoma kuwaka, kazi za chama hukwama na mkulima huchelewa kulipwa. Fundi akitamka kwamba CDI imekufa, Katibu huona hana budi kuandika hati ya malipo siku hiyo hiyo. Lakini hutokea kifaa kipya kikafungwa na pikipiki isiwake. Fedha ya wanachama imekwenda, na kosa liko pale pale.

Inafaa kwanza ifahamike kazi ya kifaa hicho. Pikipiki za zamani zaidi ziliwashwa kwa platini, ambazo fundi aliweza kuzisugua kwa msasa na kuzirekebisha. Zilizofuata, kama vile Yamaha DT 125, zilipewa kisanduku cha CDI badala ya platini. Koili iliyo chini ya gurudumu la sumaku huzalisha umeme, nao huhifadhiwa katika kapasita iliyomo ndani ya kisanduku. Koili ndogo ya pili hutoa ishara pistoni inapokaribia juu. Papo hapo kapasita huumwaga umeme wake katika koili ya plagi, nayo huukuza hadi kupita volti 10,000. Ndipo cheche huruka.

Hivyo cheche ikikosekana, washtakiwa ni wengi: plagi, kofia yake, swichi ya kuzimia, waya wa ethi, koili tatu, na CDI yenyewe. Uchunguzi uanze na kilicho rahisi.

Kwanza, plagi nyingine iliyo nzima itiwe katika kofia, chuma chake kigusishwe vyema na injini, mbali na tundu la plagi lenye mvuke wa petroli, kisha kiki ipigwe. Kiki isipigwe plagi ikiwa inaning'inia hewani, maana umeme uliokosa njia huweza kuua koili au CDI iliyokuwa nzima. Wala mkono usishike waya huo.

Pili, katika pikipiki isiyotegemea betri kuwaka, uchomolewe waya unaotoka CDI kwenda swichi ya kuzimia. Swichi hiyo huzima injini kwa kuupeleka umeme kwenye ethi. Ikiingia maji, au waya wake ukichubuka, huzima bila kuguswa. Cheche ikirudi, kitengenezwe kilichoharibika, yaani swichi au waya, na CDI iachwe.

Tatu, viungo vyote vya nyaya vichomolewe na kusafishwa, na mahali pa ethi pakwanguliwe kutu na rangi.

Nne, koili zote zipimwe kwa mita, na vipimo vilinganishwe na kitabu cha mtengenezaji. Injini inayowaka ikiwa baridi na kuzima ikipata joto, koili zake zipimwe pia zikiwa moto, kwa kuwa waya uliokatika ndani huweza kuficha ugonjwa wakati wa baridi.

Yote yakionekana mazima, ndipo CDI ihukumiwe, na hukumu ithibitishwe kwa kuazima iliyo nzima kutoka pikipiki ya aina ile ile. Ndani yake imejazwa utomvu mgumu wa kuzuia maji na mtikisiko, hivyo kuipasua ili kuunga nyaya kwa kawaida hakufanikiwi. Dawa ni kununua nyingine.

Atakayetumwa dukani Tunduma achukue ile mbovu na kulinganisha namba zilizoandikwa juu yake. Kufanana kwa soketi hakutoshi. Zipo zinazotumia umeme wa koili ya sumaku na zipo zinazotumia betri, na iliyokosewa huweza kuungua.

Kwa upande wa vitabu, hati ya malipo iambatane na risiti pamoja na maelezo ya fundi kuhusu alivyopima, na kifaa kibovu kirejeshwe stoo ili Kamati ikione. Katibu hahitaji kuwa fundi. Kabla ya kutia sahihi, amwulize fundi kama waya wa swichi umechomolewa na koili zimepimwa. Swali hilo halikigharimu chama hata senti moja.