Si shofa aliyeua batri: tulichokuta chini ya kamio yetu

Kwa miezi miwili, kila asubuhi tulisukuma kamio. Watu ishirini, miguu ndani ya matope, tunasukuma Mercedes ya zamani inayotupeleka kwenye machimbo, na wamama wenye mizigo wanangojea pembeni ya njia. Siku moja, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, mwenzetu mmoja akateleza, gurudumu likamvunja mguu. Siku ile njo tulisema: jambo hili si la mekanisie peke yake, ni la sindika pia.

Kampuni ilikuwa na jibu lake tayari. Batri mbili mpya zilikufa, zikanunuliwa zingine mbili, nazo zikakufa. Wakasema shofa anauza mpya na kuweka kuukuu. Wakaanza kumkata mshahara. Mke wake alituletea karatasi ya malipo, akatuuliza: «Wandugu, watoto watakula nini?»

Hatukutaka kupiga kelele bure. Tulikopa mita ya kupimia umeme, tukaita mekanisie mmoja mzee, tukalala chini ya kamio siku ya Yenga.

Kamio kubwa kama hii inatumia volti 24, ni kusema batri mbili za volti 12 zilizofuatana. Motere ikiwa imezimwa, batri zenye afya zinaonyesha volti 25 na kidogo. Motere ikizunguka, altenateri inapaswa kuzipandisha mpaka 27,5 au 28,5. Kwa gari ndogo ya volti 12, hesabu ni 13,8 mpaka 14,4. Sisi tulikuta 24,1 motere ikiwa imezimwa, na 24,0 ikiwa inazunguka. Altenateri ilikuwa haitoi kitu.

Mzee akauliza shofa: ile taa nyekundu ya batri kwenye tablo, inawaka ukifungua kontakti? Shofa akajibu hapana, tangu zamani haiwaki, na sisi wote tulifurahi tukifikiri hakuna shida. Kumbe shida ilikuwa paka hapo. Umeme kidogo unaopita ndani ya taa ile ndio unaoamsha altenateri. Taa ikiungua, altenateri nyingi za zamani zinabaki usingizini. Taa nzuri inawaka ukifungua kontakti, inazima motere ikizunguka. Isipowaka kabisa, usifurahi, tafuta sababu.

Tukaweka taa mpya, ya bei ndogo sana. Tukawasha motere na taa zote za mbele, tukapima tena. Kwenye altenateri: 28,1. Kwenye batri: 26,1. Volti mbili zilipotelea njiani! Hapo mekanisie wengi wanakosea, wanasema altenateri imekufa, wanatoa pesa ya mwenye gari bure.

Njia ya kutafuta ni hii. Motere inazunguka, taa zinawaka. Weka fili moja ya mita kwenye skuru kubwa ya altenateri, ingine kwenye plusi ya batri. Sisi tulipata 0,4. Kisha weka moja kwenye mwili wa altenateri, ingine kwenye minusi ya batri. Tulipata 1,6. Hapo mwizi akaonekana. Kila upande haupaswi kupita nusu volti, na upande wa masi uwe chini zaidi.

Tulifuata masi. Ile kable ya kufunga motere na shasi ilikuwa kijani yote, nyuzi nyingi zimekatika. Hapa Yangambi mvua inakaribia milimeta 1800 kwa mwaka, na unyevu wake unakula shaba polepole bila mtu kuona. Kable hiyohiyo ndiyo umeme wa demareri unapitia, juu ya hiyo tulikuwa tunasukuma. Na batri isiyoshiba siku nyingi inajaa chumvi nyeupe ndani, haipokei tena umeme. Hata mpya inakufa hivyo.

Tulitoa kwanza kable ya minusi ya batri, ili ufunguo usipige moto. Tukakata kable nene ya shaba, tukaweka vichwa vipya, tukakwangua rangi na kutu ya shasi mpaka chuma king'ae, tukakaza, tukapaka grisi juu. Fili kubwa ya altenateri nayo tukaisafisha. Mukanda tukaukaza: ukisukuma kwa kidole gumba unashuka sentimeta moja hivi. Kipimo cha mwisho kwenye batri: 27,8.

Mambo matatu msisahau. Msitoe kable ya batri motere ikizunguka, diodi za altenateri zitaungua. Msigeuze plusi na minusi. Kabla ya kusude chuma cha kamio, toeni kable za batri.

Vipimo vyote tuliviandika kwenye karatasi moja, vya mbele na vya nyuma ya kazi, mekanisie akatia sahihi, shofa naye. Delege wetu akaipeleka kwa wakubwa, pamoja na kile kipande cha kable ya kijani. Wakakitazama sana. Mwezi ule mshahara wa shofa haukukatwa. Ya miezi miwili iliyopita bado hawajarudisha, na tunaidai. Ya mguu wa mwenzetu pia tunaifuata: ajali ya kazi inatangazwa kwa CNSS, na tumeomba nakala ya karatasi hiyo.

Wandugu wa machimbo mengine, kabla ya kusukuma tena, muulizeni shofa wenu kama taa nyekundu inawaka. Na nyinyi wamama, mkipanda jioni mkaona taa za mbele zimekuwa za manjano, msinyamaze. Mwambieni delege wenu kesho yake asubuhi, naye aandike tarehe.