Mzigo Ndio Ufichuao Maradhi ya Injini

Apandaye kutoka Mombasa kwenda Mariakani hayakosi malori ya zamani yaliyosimama kando ya barabara, mvuke ukifuka, dereva ameketi kivulini na dumu la maji. Kilichonitaabisha ni hiki: lori lilo hilo, likiwa tupu, huenda masafa marefu bila ya udhia, na lifungwapo tela lenye shehena likaanza kupanda, mshale wa joto nao hupanda.

Jawabu nililipata Changamwe, kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye wenziwe humsikiliza kwa taadhima. “Mwanangu,” alisema, “dizeli huungua kwa kadiri ya mzigo, na kila tone lina joto lake. Gari tupu huficha maradhi, tela huyafichua.”

Lori alilokuwa akilitazama lilikuwa limekwisha badilishwa rejeta na bado likichemsha. Injini ikiwa baridi, alifungua kifuniko, akaamuru iwashwe, akainama kuangalia kama yatatoka mapovu mfululizo yenye harufu ya moshi, ambayo ni dalili ya gasketi iliyokwenda, hayakutoka. Akatazama mpira wa chini dereva akikanyaga mafuta, usije ukanywea kwa mvuto wa pampu, haukunywea. Ndipo akafungua nyumba ya thamostati, akaikuta tupu.

Akanitilia thamostati mpya katika sufuria ya maji juu ya seredani, tukaikodolea macho hata maji yalipokaribia nyuzi 82, nta iliyomo ndani ikatanuka, mlango wa juu ukajiinua taratibu, na kwa wakati ule ule kisahani cha chini kikashuka. “Hicho cha chini ndicho wasichokijua,” alisema. “Injini kama hii ina njia ya mkato, irudishayo maji ndani pasi na kupita kwenye rejeta. Moto ukizidi, kisahani huiziba. Ukiing’oa thamostati ati maji yapite kwa wepesi, umeiacha njia hiyo wazi, na maji ya moto yanazunguka humo humo.”

Safari ya bara ina mtihani wa ziada, kwani maji yasiyobanwa, ambayo Mombasa huchemka kwa nyuzi 100, Nairobi huchemka kabla ya kufika 95. Hivyo kifuniko cha rejeta kilicholegea, kisichoyabana maji, ambacho pwani humsamehe dereva, huko juu humwadhibu.

Nani aliyeing’oa? Mwenye gari amtaja dereva, dereva amtaja fundi wa kwanza, na ilhali hayo hayajaamuliwa, dereva, ambaye naamini hana hatia, amekwisha katwa mshahara kwa ajili ya rejeta isiyokuwa na kosa. Nani atamrejeshea?

Enyi wenye malori, kabla ya kununua rejeta nyingine, na kabla ya kumkata mtu ujira wake, fungueni kwanza nyumba ya thamostati mtazame kama imo.